Staa Aliniomba Nimtoe Mpenzi Wake Kwenye Picha, Nikakumbuka Kidole cha Baba

Saa tano na nusu usiku, nimeshajilaza, WhatsApp inalia. Nafungua, ni staa. Jina kapuni, ila ukipanda daladala leo hukosi kusikia sauti yake.

"Mdogo wangu, umelala? Nitoe hapa uniweke kwenye posta. Huyo mwingine simtaki. Kesho saa tatu naiposti."

Chini kuna picha. Yeye na yule bwana ambaye mji mzima ulikuwa unajua ni wake, wako ufukweni, jua linazama, wanacheka. Mkono wa bwana uko begani kwake. Wiki mbili kabla walikuwa wameachana, na nyie wote mliona walivyorushiana maneno mitandaoni.

Nikamuuliza: "Dada, huna nyingine uliyopiga peke yako?"

"Ninazo mia. Ila hapo ndipo nimetoka vizuri kuliko zote."

Ukweli usemwe, alikuwa sahihi. Alikuwa anacheka kweli, sio kile cheko cha kamera. Nikamwambia anitumie kama dokumenti, maana WhatsApp ikiminya picha, nywele zinageuka uji. Akatuma. Nikaamka, nikawasha kompyuta.

Kwa wasiojua, kumtoa mtu kwenye picha sio kubonyeza kitufe tu. Kwenye kingo ngumu kama mikono, gauni na viatu, natumia kalamu ya Photoshop. Nukta kwa nukta, unauzunguka mwili kama fundi cherehani anayefuata chaki. Nywele kalamu haiziwezi. Alikuwa na nywele za mawimbi na upepo wa bahari ulikuwa umeshazivuruga, kwa hiyo pale unatumia brashi maalumu inayotafuta unywele mmoja mmoja. Ukimaliza, unakuta pembeni ya kichwa kumebaki mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, rangi ya lile jua. Usipousafisha, ukimweka kwenye posta nyeusi kila mtu anajua amebandikwa. Halafu kivuli. Mtu asiye na kivuli miguuni anaelea kama jini.

Yote hayo nilimaliza saa saba. Kilichobaki ni mkono.

Vidole vinne vya yule bwana vilikuwa juu ya bega lake. Nikachukua ngozi ya bega la upande wa pili, nikaigeuza, nikaifunika pale, nikalainisha. Mkanda wa gauni ulikuwa umekunjamana chini ya vidole, nikaunyoosha. Vidole vikaisha. Nikasogea nyuma kidogo niangalie kazi yangu.

Bado kulikuwa na kitu. Alikuwa ameegemea. Bega moja limeshuka, kichwa kimelala upande, uzito wote wa mwili umemwangukia mtu ambaye hayupo. Nilijaribu kumzungusha digrii tatu, nne, ndio akaonekana anaanguka kabisa. Mwisho nikaandika jina la wimbo kwa herufi kubwa upande ule, ili aonekane ameegemea maandishi. Saa tisa nikatuma. Akajibu mioyo mitatu na elfu hamsini kwenye simu. Posta ikatoka, watu wakasifia. Hakuna aliyeuliza ameegemea nini.

Lakini lile faili sikulifuta. Picha nzima niliiacha ndani yake, bwana akiwemo.

Watu kutolewa kwenye picha hakukuanza na kompyuta. Enzi za Stalin, kuna picha yuko kando ya mfereji wa Moscow na Nikolai Yezhov, aliyekuwa bosi wa polisi wake wa siri. Yezhov akaangukia pabaya, akauawa mwaka 1940. Picha ikatoka upya, na pale aliposimama pakawa maji matupu. Waliifanya kwa mikono, miaka kibao kabla ya Photoshop kuingia sokoni mwaka 1990. Leo mambo ni mepesi mno. Tangu mwaka 2022 kwenye iPhone unamshikilia mtu kwa kidole tu, ananyanyuka mwenyewe kutoka kwenye picha. Ila ile ya Stalin tunajua kuna mtu alitolewa kwa sababu nakala ya mwanzo haikupotea.

Ya kwetu ilipotea. Na aliyeipoteza ni mimi.

Nilikuwa kidato cha pili, nashinda kwenye duka la mjomba la steshenari, nimejifunzia Photoshop pale pale kwa kuharibu picha za pasipoti za watu. Baba alikuwa ameshaondoka nyumbani siku nyingi. Siku moja mama akaja na picha ya studio, yeye, baba, na mimi mchanga nimefungwa shuka.

"Baba, si unajua kompyuta wewe? Mtoe huyo. Tubaki wawili."

Niliona sifa. Nikaiskani, nikachukua kifutio, nikamfuta baba kuanzia kichwani hadi viatu. Wakati ule maski siijui. Maski ndiyo ile njia ya kumficha mtu bila kumfuta, yaani yupo, ila haonekani mpaka uamue. Mimi nilifuta. Nikahifadhi JPEG juu ya ile ile ya mwanzo, na JPEG haina leya, kilichofutwa kimefutwa. Nikamchapishia mama yake mpya. Ile ya karatasi aliitia kwenye jiko la mkaa jioni ile ile, na sikumzuia.

Sasa mdogo wangu wa kike alikuwa tumboni wakati baba anaondoka. Hakuwahi kumwona. Mwaka jana tukapata taarifa kwamba baba amefariki huko alikokuwa, na ameshazikwa. Dogo akanijia chumbani, akakaa kitandani.

"Kaka, baba alikuwaje? Watu wanasema nina pua yake."

Nikatafuta kwenye flashi za zamani mpaka nikalipata lile faili. Nikafungua. Mama, mimi, na nafasi nyeupe. Nikakuza picha, nikakuza tena, natafuta hata sikio. Kwenye shuka langu, chini kabisa, kulikuwa na kidole gumba. Kifutio changu kilikiruka. Alikuwa amenishika pamoja na mama, na mimi sikukiona.

Dogo alikiangalia muda mrefu. Akaweka gumba lake kwenye skrini, pembeni.

"Kucha zetu zinafanana," akasema. Akatoka.

Ndio maana faili la staa sikulifuta. Sasa ilipita miezi kama minane, wiki iliyopita akanitafuta. Safari hii mchana, na bila mbwembwe.

"Mdogo wangu, samahani. Ile picha ya ufukweni, orijino bado unayo? Mimi nilifuta zote."

Sikumuuliza za nini. Inawezekana wamerudiana, inawezekana ni mambo mengine, na nyie wambea najua mtatafuta. Nikafungua faili. Nikazima leya ya bega la kubandika. Nikashika Shift, nikabofya kwenye maski mara moja tu. Bahari ikarudi, jua likarudi, bwana akarudi na mkono wake. Na dada ghafla hakuwa tena mtu anayeanguka.

Nikamtumia, kama dokumenti. Akaona. Akaandika, akaacha, akaandika tena. Mwisho likaja neno moja: "Asante." Hela nilikataa.

Kwa hiyo wadau, mimi kuwatoa watu sijaacha, ndiyo kazi inayonilisha. Ila siku hizi mtu akinitumia picha ya ex wake, ya rafiki aliyemgeuka au ya mzazi aliyewakimbia, kabla sijagusa chochote natengeneza nakala. Moja nafanyia kazi, nyingine naiweka pembeni, na simwambii.

Na wewe uliye na hasira usiku huu, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta: itume kwanza hata kwa mtu unayemwamini akutunzie. Halafu ufute kwako.

Dogo lile gumba ameliweka kama picha ya wasifu wake. Watu wanamuuliza ni kidole cha nani. Hajibu.