Nyanya Haipasuki Siku ya Mvua

Utoto wangu hauna mengi ya kuandikwa. Nilizaliwa milimani Usambara, katika nyumba iliyoishi kwa mbogamboga za bondeni, nikasoma, nikapata mafunzo ya kilimo Tengeru mkoani Arusha, nikapangiwa Iringa, na huko ndiko nilikofanyia kazi ya ubwana shamba mpaka nikastaafu. Ninachotaka kukiandika ni hoja moja ya kazi hiyo, kwa sababu naiona inapotea pamoja na kazi yenyewe. Siku hizi mkulima wa Ilula mkoani Iringa ambaye nyanya zake zimepasuka baada ya mvua za kwanza hamtafuti afisa ugani. Huenda duka la pembejeo, akaeleza shida yake mbele ya kaunta, akaondoka na chupa. Mara nyingi chupa hiyo ni ya kalsiamu, na ushauri unaoambatana nayo ni kwamba mvua ndiyo iliyoharibu, basi anyunyize kabla nyingine haijanyesha. Mimi nasema mvua ilikuta kazi imeshafanyika. Nyanya inayopasuka Desemba iliandaliwa kupasuka tangu Oktoba na Novemba, katika siku za jua kali ambazo hakuna aliyekuwa akiiwazia mvua.

Hoja hii nimeirithi. Mwalimu wetu wa mbogamboga hakukubali mvua itajwe kuwa chanzo cha tatizo lolote la tunda mpaka mwanafunzi aeleze kwanza udongo ulikuwa katika hali gani wiki tatu zilizotangulia. Wengine walimwona mkaidi. Lakini ukilifuata tunda lenyewe tangu ua linapodondoka, utaona alikuwa na haki. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Baada ya wiki mbili hivi za mwanzo, chembe za tunda haziongezeki sana kwa idadi. Tunda hukua kwa sababu chembe zilizopo zinatanuka, na kinachozitanua ni maji yanayoletwa pamoja na sukari kutoka kwenye majani. Ganda la nje hulazimika kutanuka pamoja nazo. Tunda likiwa changa ganda hukubali, lakini kadiri linavyokaribia kuiva hukakamaa na kupoteza uwezo wa kunyumbuka. Mche uliokaa na kiu hukuza tunda polepole, na ganda hukomaa likiwa limefungwa kwenye umbo dogo. Kisha udongo hulowa kwa ghafla. Mizizi hunyonya kwa nguvu, na usiku, hewa ikiwa imejaa unyevu, majani hayatoi maji ya kutosha kuipunguza nguvu hiyo. Maji husukumwa kuelekea kwenye matunda ambayo hayana tena nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana nyufa huonekana asubuhi: ama zimeshuka kutoka kwenye kikonyo kuelekea kitakoni, ama zimelizunguka bega la tunda kama pete.

Ushahidi wa kwanza upo chini ya paa. Ndani ya kitalu nyumba haliingii tone la mvua, na bado nyanya hupasuka humo pale mwangaliaji anapoacha udongo ukauke kisha akafungulia maji mengi kwa wakati mmoja. Kama mvua ndiyo ingekuwa mpasuaji, paa lingekuwa tiba kamili. Ushahidi wa pili ni kalenda ya mashamba ya Ilula na mabonde yanayoshuka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Mvua huko huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha karibu na Aprili. Zao linalokulia katikati ya msimu wa mvua husumbuliwa sana na bakajani, lakini upasukaji wa ghafla, wa shamba zima kwa usiku mmoja, ni balaa la zao la kiangazi, lile lililopandwa kwa kumwagilia na kukutana na mvua za mwanzo likiwa na matunda makubwa. Na tuangalie zao hilo linanyweshwaje. Vijito hupungua Oktoba, mifereji hugawanywa kwa zamu, na mwenye zamu hufurika shamba lake kwa sababu hajui atapata tena lini. Baada ya hapo udongo hukauka mpaka zamu ijayo. Mche unaolelewa kwa gharika na kiu, gharika na kiu, umeshafundishwa kupasua matunda yake. Mvua kubwa ya kwanza ni gharika moja zaidi, ila hii haina mfereji wa kuifunga.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba maji hayaingii kwa mizizi peke yake, bali tunda hunyonya pia yale yanayolikalia juu. Pingamizi hili ni la kweli na nalipa uzito wake. Wakulima wa cheri katika jimbo la Washington, Marekani, hukodi helikopta zipite chini juu ya miti baada ya mvua ili upepo wake ukaushe matunda, na watu hawatumii fedha za aina hiyo kwa imani tu. Tini nayo ina jicho kwenye ncha yake, tundu dogo ambalo maji hupenya mpaka ndani, na aina zenye jicho lililofumba hustahimili mvua kuliko zenye jicho wazi. Nyanya haina jicho, wala ganda lake halina vile vitundu vya kupumulia vilivyomo kwenye majani, kwa hiyo njia kubwa ya maji ya juu ni pale begani, kwenye kovu gumu linalozunguka kikonyo. Lakini bega hilo huwa dhaifu zaidi kwa tunda lililochomwa na jua kuliko kwa lililofunikwa. Hapo pingamizi linatuleta kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni upogoaji.

Vijana, hili jambo la kung'oa majani mmelitoa wapi? Kwenye kitalu nyumba, ambako joto, kivuli na maji vyote viko mikononi mwa mtu, kuacha shina moja na kuondoa majani ya chini kuna sababu zake. Kulichukua zoezi hilo na kulipeleka kwenye shamba la wazi ni kuunyang'anya mche vitu viwili unavyovihitaji siku ile ya mvua. Cha kwanza ni kivuli. Tunda lililo wazi hupata joto jingi mchana na kupoa haraka mvua inapolipiga, na ganda lake hupata vijiufa vidogo ambavyo jicho halivioni kabla havijafunguka. Cha pili ni mahali pa kwenda maji. Majani ndiyo yanayoyatoa hewani, na matunda mengi huyagawana. Mche wenye shina moja, majani machache na matunda machache makubwa hukusanya maji yote ya ghafla katika matunda hayo machache. Ondoeni majani yanayogusa udongo na yenye madoa, fungeni miche kwenye miti ipate hewa, punguzeni machipukizi yanayosongamana, na mkiishafika hapo wekeni kisu chini. Nimeona maelekezo ya kinyume yakitolewa kwa wakulima na wakubwa ambao hawakupata kurudi shambani Desemba kuangalia matokeo yake.

Kuhusu kalsiamu, sitasema haina kazi. Ndiyo inayoimarisha kuta za chembe, na upungufu wake huonekana wazi katika kuoza kitako. Shida ni njia inayopita na wakati wake. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi na haihami kwa urahisi kutoka jani kwenda tunda, kwa hiyo ile inayoanguka kwenye majani hubaki kwenye majani. Tunda hupokea sehemu kubwa ya fungu lake likiwa changa, na ili ipande, udongo lazima uwe na unyevu wa kudumu. Mche wenye kiu unaweza kusimama kwenye udongo wenye kalsiamu tele na usiipate. Anayenyunyiza matunda yaliyokwisha kuanza kubadili rangi, wingu likiwa limeshatanda, amechelewa. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye samadi iliyooza vizuri, na mkono uliokuwa tayari kuongeza mbolea ya CAN wakati matunda yanajaa ungefaa kuzuiwa, maana naitrojeni nyingi wakati huo huharakisha ukuaji ambao ganda haliwezi kuufuata.

Nitaambiwa suluhisho ni mbegu. Ni kweli kwamba Tengeru 97 ina ganda nene linalovumilia kuliko Money Maker, na ningemshauri mkulima yeyote anayekadiria kuvuna Desemba aangalie ganda kabla ya kuangalia ukubwa wa tunda. Ila ganda nene huongeza muda wa uvumilivu tu. Likikaushwa na kufurikishwa vya kutosha, nalo hupasuka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uwezo. Umwagiliaji wa matone una gharama, majani ya matandazo huliwa na ng'ombe, na yanayobaki huvuta mchwa. Yote hayo ni kweli. Lakini mkulima mwenye maji ya kutosha nusu ekari, akipanda ekari nzima, amejichagulia mwenyewe kiu ya zao lake, na hakuna chupa itakayomwondolea. Apande kile ambacho zamu yake ya maji inaweza kukinywesha mara kwa mara kwa kiasi kidogo, aweke matandazo haba mashinani tu, na mvua ikikaribia avune kila tunda lililoanza kugeuka rangi. Tunda hilo litaiva lenyewe ndani ya tenga, na mnunuzi anayepeleka mzigo Dar es Salaam, safari ya mamia ya kilomita, hulitaka likiwa bado gumu. Zaidi ya hayo yote, asifunge mfereji. Hili ndilo lililokuwa gumu kueleweka miaka yote ya kazi yangu, kwa sababu linapingana na akili ya kawaida ya kubana maji: mawingu yakianza kujikusanya, mkulima huacha kumwagilia, akingoja mvua imfanyie kazi hiyo bure. Mvua huchelewa wiki, pengine mbili, na kwa muda huo udongo hukauka kuliko ulivyowahi kukauka msimu mzima, matunda yakiwa katika siku zao za mwisho za kukakamaa. Kama ana zamu moja tu iliyobaki kabla ya mvua, aitumie wakati huo huo wa mawingu.