Usitupe jiko lako: kuchagua na kubadilisha chungu cha ndani cha jiko la mkaa

 

Wengi mnanipigia simu kuuliza mbegu, chanjo ya kideri na bei ya mahindi. Lakini huku Nyanda za Juu Kusini, Juni na Julai zikifika, maswali mengi yananijia kuhusu jiko. Mfugaji analelea vifaranga kwa jiko la mkaa. Mama lishe anachemsha chai kwa jiko hilo hilo tangu saa kumi na moja alfajiri. Na karibu kila nyumba ninayoingia, nikiinama kutazama ndani ya jiko, nakuta udongo umepasuka, kipande kimedondoka, na mwenyewe anasema, "Bado linawaka, afisa."

Ni kweli linawaka, ila wewe ndiye unayelipia. Leo nataka tuzungumze kuhusu kile chungu cha ndani, ambacho wengine wanakiita kauri na wengine udongo wa jiko: kazi yake, namna ya kuchagua kizuri, na namna ya kukibadilisha mwenyewe bila kununua jiko jipya.

Chungu kile kinafanya kazi gani?

Jiko la zamani la bati tupu lilikuwa likitoa joto pande zote. Ukikaa karibu unaungua miguu, na sufuria haichemki upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenzetu wa Kenya walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakaliunganisha na ufundi wa mafundi bati wa kwao, na likapatikana jiko la bati lenye chungu ndani. Likavuka mipaka, na leo mafundi wa miji mingi ya Afrika Mashariki wanalitengeneza.

Siri yake ni ndogo. Udongo uliochomwa haupitishi joto upesi kama bati. Joto linabaki kwenye mkaa na kupanda kwenye sufuria. Matundu ya chini yanaingiza hewa na kupitisha majivu. Kati ya chungu na bati kuna tabaka la saruji iliyochanganywa na kitu chepesi. Tabaka hilo linashika chungu kisicheze, linapunguza joto linalofika kwenye bati, na linaziba pembeni ili hewa ipite kwenye matundu tu.

Chungu kikipasuka, au lile tabaka likimomonyoka, hewa inapenya pembeni. Unafunga mlango wa majivu ili moto upoe, lakini mkaa unaendelea kuwaka. Hapo huna tena namna ya kuongoza moto wako.

Hesabu ya mfukoni

Chukua kalamu. Tuseme unanunua mkaa wa shilingi 2,000 kwa siku, na jiko zima lingekutosha kwa shilingi 1,500. Unapoteza shilingi 500 kila siku, yaani shilingi 15,000 kwa siku 30. Sasa weka bei zako mwenyewe, kisha linganisha na bei ya chungu kipya sokoni kwenu. Najua kwa wengi jibu litatoka kabla mwezi haujaisha.

Tena kuna hesabu ya shambani. Kwa tanuri zetu za udongo, kilo moja ya mkaa inakula kilo sita za kuni au zaidi. Mkaa unaopotea pembeni mwa chungu kilichopasuka ni miti iliyokatwa bure kwenye kilima kinacholinda chemchemi yako.

Kwa mfugaji, hasara ni kubwa zaidi

Nilifika kwa mama mmoja mfugaji asubuhi, baada ya usiku wa baridi kali. Jiko lake lilikuwa na ufa kuanzia ukingoni hadi kwenye tundu la chini. Usiku kipande kilibomoka, kaa moja likapita kwenye mlango wa majivu na kuangukia maranda. Hayakuwaka moto mkubwa, yalifuka tu. Moshi ulitosha. Vifaranga waliokuwa wamejikusanya upande ule tuliwakuta wamekufa, na waliobaki walikuwa wakihema midomo wazi. Mama yule alikuwa amewanunua kwa mkopo wa kikundi, na marejesho hayasubiri.

Ndiyo maana nasema hili ni somo la ufugaji kama lilivyo somo la jikoni. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Jiko lililopasuka haliwezi kukupa joto tulivu namna hiyo: linawaka sana saa mbili usiku, na saa tisa limezimika. Ukikuta vifaranga wamebanana jikoni, ujue wana baridi. Ukiwakuta wamekimbilia kuta, ujue joto limezidi.

Namna ya kuchagua chungu kizuri

Nenda sokoni na bati la jiko lako, au angalau chukua kamba na upime upana wa mdomo na kina chake. Usinunue kwa kukisia. Kisha fanya haya mbele ya muuzaji, wala usione aibu:

1. Kigonge kwa kucha au kijiti. Kilichoiva kinalia kwa sauti kali kama kikombe cha udongo. Kikitoa sauti nzito, iliyokufa, kina ufa usiouona au hakikuiva.

2. Tazama rangi. Iwe inalingana nje na ndani. Sehemu nyeusi katikati ya mahali palipomeguka huonyesha kuwa moto haukufika vizuri.

3. Kikwaruze kwa msumari. Kikitoka unga mwingi, kiache. Muuzaji akikubali, tia tone la maji na usugue kwa kidole. Udongo usioiva unageuka tope.

4. Angalia matundu. Yawe yamepita mpaka chini na yamepangwa sawasawa. Yakiwa madogo mno moto unakosa hewa. Yakiwa makubwa mno, mkaa mzuri unaanguka pamoja na majivu.

5. Angalia unene. Ukuta uwe na unene unaolingana pande zote. Upande mwembamba ndio utakaopasuka kwanza.

6. Kijaribu ndani ya bati. Kiingie na kubakiza nafasi kama ya upana wa kidole kuzunguka. Chungu kinachobana bati hakidumu, kwa sababu bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto.

Chungu cha bei rahisi kisichoiva utakinunua mara mbili. Cha rahisi ni ghali, wazee walishasema.

Kabla ya kuanza, kagua bati

Toa chungu cha zamani jiko likiwa limepoa kabisa. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo, utoe vipande na saruji yote ya zamani. Usivitupe vipande. Vitwange na kuvichekecha, maana chenga zake zitatufaa.

Sasa tazama bati kwenye mwanga. Kama kitako kimeoza kwa kutu kiasi cha kupenyeza kidole, hapo nakushauri ununue jiko lote. Kama ni ribiti zimelegea au bawaba ya mlango imevunjika, fundi bati atamaliza kwa muda mfupi.

Angalia sana yale mafiga matatu ya chuma yanayobeba sufuria. Kazi yake ni kuhakikisha uzito unakwenda kwenye bati, si kwenye udongo. Yakipinda, sufuria inakalia ukingo wa chungu. Halafu mtu anasonga ugali wa watu kumi kwa nguvu zake zote, na anashangaa chungu kupasuka. Nyoosha mafiga kwanza, la sivyo chungu kipya nacho kitapasuka.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Viwandani huchanganya saruji na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Kijijini tunatumia majivu. Mimi huchanganya sehemu moja ya saruji na sehemu nne za majivu makavu yaliyochekechwa, kisha naongeza kiasi kidogo cha zile chenga za chungu cha zamani. Usiweke saruji tupu. Inapitisha joto na inapasuka upesi. Pia usiishike kwa mikono mitupu kwa muda mrefu, kwani inaunguza ngozi. Vaa mfuko wa plastiki kama huna glavu.

Kwanza, lowanisha chungu kipya kwa maji na ufute bati kwa kitambaa kibichi. Chungu kikavu kitanyonya maji ya mchanganyiko, na hautashika.

Pili, kanda mchanganyiko na maji kidogo kidogo mpaka ushikamane kama udongo wa kukandika ukuta. Usiwe uji.

Tatu, paka tabaka ndani ya bati pale chungu kitakapokalia. Usizibe njia ya hewa kutoka mlango wa majivu.

Nne, shusha chungu ukikizungusha kidogo ili kikae. Hakikisha kiko katikati na mdomo wake uko sawa. Weka sufuria juu ya mafiga na utazame: kati ya kitako cha sufuria na ukingo wa chungu lazima nafasi ibaki.

Tano, jaza pembeni kwa kusindilia na kijiti, ili pasibaki mifuko ya hewa. Malizia juu kwa kulainisha, ukiacha mteremko mdogo kuelekea nje, ili maji yakimwagika yasiingie kwenye kiungo.

Sita, zibua matundu yote kwa kijiti kabla mchanganyiko haujakauka.

Siku mbili za kwanza lifunike kwa gunia bichi, maana saruji inahitaji unyevu ili ishike. Kisha liache kivulini, si juani, mpaka litimize wiki moja. Najua wiki ni ndefu kwa mtu anayeuza chapati. Azima jiko kwa jirani, au fanya kazi hii mapema ukiwa na jiko la pili. Ukiliwasha likiwa bichi, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kupasua kila kitu.

Moto wa kwanza uwe mdogo, wa makaa machache, kisha uache lipoe lenyewe. Siku inayofuata ongeza. Siku ya tatu pika kama kawaida.

Ili lidumu

Usizime mkaa kwa kumwagia maji ndani ya jiko. Hiki kinaua vyungu vingi. Udongo wenye moto mkali ukikutana na maji baridi unapasuka papo hapo, hata kama ufa hauonekani siku ile. Toa makaa kwa koleo, uyatie kwenye sufuria kuukuu yenye mfuniko. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho utayatumia tena.

Usiponde mkaa ndani ya jiko. Usichokoe matundu kwa nondo. Usiliache nje mvuani. Toa majivu kila siku, kwani yakijaa yanaziba hewa. Na uonapo ufa mdogo kwenye kiungo, ukandike mapema kwa mchanganyiko ule ule.

Angalizo la uhai

Jiko zuri namna gani, mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Usilaze jiko chumbani kwa sababu ya baridi, hata kama moshi hauonekani. Ukisikia kichwa kinauma na kizunguzungu karibu na jiko, toka nje upate hewa kwanza, maswali baadaye. Bandani nako acha uwazi wa juu wa kupitisha hewa, weka jiko juu ya matofali, na lizungushie wavu ili maranda na vifaranga wasilifikie.

Je, tusihamie gesi?

Mtaniuliza hivyo, na ni swali la haki. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kama unaweza kununua mtungi na kuujaza upya bila kukopa, hamia. Mapafu yako na ya watoto yatakushukuru. Lakini kijijini ambako wakala wa gesi yuko mbali na nauli ya pikipiki inakula faida, mkaa utaendelea kuwaka kwa muda. Kwa muda huo, uwake kwa uangalifu na kwa gharama ndogo.

Leo jioni, jiko likishapoa, ligeuze kwenye mwanga na ulichunguze. Gonga chungu, tikisa mafiga, pitisha kidole kwenye kiungo. Kama wewe ni mfanyabiashara, fikiria pia kuleta vyungu vilivyoiva gulioni: uza chungu pamoja na mfuko mdogo wa saruji na majivu yaliyochekechwa, na mwelekeze mteja hatua hizi. Wateja unao tayari, ila wanadhani dawa ya jiko lililopasuka ni kununua jingine.