South Bend, Mji Ulioandika Jina kwa Misonobari

Treni ya umeme ya South Shore Line huondoka Chicago, hupita kusini mwa Ziwa Michigan, na baada ya saa mbili na ushei hukushusha South Bend, jimbo la Indiana. Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mimi nilifuata Studebaker, magari yaliyoundwa katika mji huu hadi Desemba 1963.

Mpenzi wa magari ya Kimarekani ya zamani huambiwa aende Detroit, na Detroit haihitaji kupigiwa debe. Lakini anayetaka kuona mji na ukoo mmoja wa mafundi walivyoleana kwa zaidi ya miaka mia, na aje hapa.

Mwaka 1852 ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi kwa mtaji wa dola 68. Mdogo wao John alikwenda California wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Badala ya kuchimba, aliwatengenezea wachimbaji matoroli, nao wakampa jina la utani la Johnny wa Matoroli. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000, akazitia katika kazi ya ndugu zake. Toroli likazaa magari ya kukokotwa na farasi, yakauzwa kila pembe ya Marekani. Mwaka 1902 wakatoa gari la umeme, na miaka miwili baadaye la petroli.

Yote haya yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Studebaker, mtaa wa Chapin. Humo limo gari la farasi ambalo Rais Abraham Lincoln alipanda kwenda kutazama tamthilia usiku wa Aprili 14, 1865, usiku aliopigwa risasi. Watu hunyamaza wanapolikaribia. Nami nilinyamaza.

Kilichonivuta zaidi, hata hivyo, ni magari ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Champion ya mwaka 1950 ina pua iliyochongoka katikati ya madigadi mawili, kama ndege iliyovuliwa propela. Yale ya milango miwili yaliyotangulia, ya kuanzia 1947, yalikuwa na kioo cha nyuma kilichozunguka hadi ubavuni, na watu walitaniana kwamba huwezi kujua gari linakuja au linakwenda. Ni umbo la watu waliotoka vitani wakiwa na hamu ya mambo mapya, na lilitangulia kutoka kabla makampuni makubwa ya Detroit hayajazindua maumbo yao mapya.

Halafu kuna pikapu ya 2R, iliyoingia sokoni kama modeli ya 1949. Inama uitazame kwa karibu. Ngazi ya kukanyagia haionekani nje. Imefichwa ndani ya mlango, haipati tope. Kuta za bodi ya kubebea mizigo ni za mabati mawili, hivyo gogo likigonga kwa ndani, ubavu wa nje haubonyei. Aliyeisanifu alimjua mkulima na shida zake. Uzuri wake umetokana na kazi, na ndiyo maana nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko mbele ya gari lolote la kifahari.

Mwisho wa ziara unakutana na Daytona nyekundu, gari la mwisho kutoka kiwandani South Bend, Desemba 20, 1963. Siku chache kabla ya Krismasi, maelfu ya wafanyakazi walijikuta hawana kazi. Kiwanda cha Kanada kiliendelea hadi 1966, kisha jina likatoweka barabarani. Mji ungeweza kulificha gari hili kama msiba wa aibu. Umeliosha, umeling'arisha na kuliweka mahali pa heshima, na hapo ndipo nilipoupenda mji wenyewe. South Bend ilipoteza mkate wake, lakini haikuitupa kazi ya mikono ya wazee wake.

Usiondoke kabla ya kwenda magharibi kidogo, karibu na New Carlisle, ulipokuwa uwanja wa kampuni wa kujaribia magari. Mwaka 1938 ilipandwa hapo maelfu ya misonobari kwa mpangilio wa herufi, ikaandika STUDEBAKER kwa urefu wa karibu nusu maili. Leo ni bustani ya umma. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hili limeota mizizi. Ukiwa chini hulisomi, kwani linasomeka kutoka angani tu. Nilitembea katikati ya mashina, sindano kavu zikivunjika chini ya viatu, nisijue kama niko kwenye S au kwenye K, nikijua tu kwamba nimo ndani ya jina.