Mwezi kwenye mkono

Likasi – Leo siandiki juu ya barabara wala bei ya unga. Naandika juu ya saa.

Yaya wangu alinipa saa ya Orient Star yenye kuonyesha mwezi, kazi ya Japani. Haina betri. Ndani mna springi inayokazwa na mwendo wa mkono. Ukiivua, inaendelea masaa 50 hivi. Penye namba 6 kuna kidirisha, na humo mwezi mdogo unazaliwa, unajaa, unapungua, unapotea. Saa nyingi za namna hii zina kisahani cha meno 59 kilichochorwa miezi miwili: kila mmoja siku 29 na nusu. Ule wa mbinguni unachelewa kidogo zaidi, kwa hiyo baada ya miaka 2 na miezi 8 hivi unarekebisha siku moja tu.

Mwenye kutaka kununua aangalie vizuri. Zile Orient ziitwazo Sun and Moon zinaonyesha jua mchana na mwezi usiku, basi. Kesho zinarudia vilevile. Hazihesabu umri wa mwezi.

Mimi naipenda kwa sababu Kiswahili chetu kina neno moja kwa vyote viwili: mwezi wa juu, na mwezi ule ambao baba wengi wa hapa wameuona ukiisha bila mshahara.

Lakini mtu wa Likasi akivaa saa ya Japani, atakumbuka Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka hapa. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima ilitoka kule. Wazee wetu walioichimba hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Bomu lilianguka tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na dakika 15 asubuhi. Katika makumbusho ya Hiroshima imewekwa saa iliyosimama dakika ile ile.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1951, jina la Orient Star lilizaliwa Japani. Nchi ambayo saa zake zilisimamishwa na jiwe letu ndiyo iliyotengeneza hii inayotembea mkononi mwangu. Sisi jiwe letu liliondoka bila jina. Saa yao imefika na jina lao. Watoto wetu wa shule za ufundi walifikirie hilo.

Umeme ukikatika Kikula, natoka kwenye kiwanja na kulinganisha mwezi wa mkononi na ule wa juu. Juma hili wanapatana.