Maji yatoke wapi?

Nimepotea, najua. Zamu zimenibana, na nikipata siku ya mapumziko nalala kama gogo. Leo nimekaa, chai ninayo, mvua inapiga dirisha tangu juzi, na ni mvua hiyohiyo inayonifanya niandike.

Baba mdogo aliniuliza kwenye simu kama vile vilima kwenye picha niliyotuma, nyuma ya zile nyumba, ni milima ya kweli. Baba mdogo, si yote. Mingine ni ya kutengenezwa na watu. Huku kusini mwa Wales walichimba makaa ya mawe zaidi ya miaka mia, na ukichimba makaa unatoa pia mawe, udongo na tope la kuoshea makaa. Mabonde ni membamba, chini kumejaa nyumba, reli na mto, basi kifusi walikipandisha juu ya milima wakakimwaga huko. Migodi imefungwa, kifusi kimebaki. Wales nzima ina malundo ya namna hiyo zaidi ya 2,500. Mengi yameota nyasi, kondoo wanajilia juu yake, mgeni hashtuki kabisa.

Siku hizi kazi yangu ni kuwazungukia wagonjwa majumbani. Nina mzee mmoja, zamani mchimbaji, mapafu yameliwa na vumbi, anaishi na mashine ya oksijeni usiku na mchana. Nyumba yake iko chini ya lundo. Mvua ikiunganisha siku mbili, yule mzee halali. Nilipomuuliza sababu alitaja jina moja tu: Aberfan.

Huku hakuna asiyelijua. Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, lundo namba 7 juu ya kijiji hicho liliporomoka likageuka uji mzito, likashuka mlima na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Ndiyo kwanza walikuwa wameingia madarasani. Lile lundo lilianzwa mwaka 1958 juu ya chemchemi, na chemchemi zenyewe zilikuwa kwenye ramani! Watu walishalalamika kabla. Tume iliyochunguza ililaumu shirika la serikali la makaa. Na bado, jamani, malundo yaliyobaki yalipotakiwa kuondolewa, pauni 150,000 zilichukuliwa kwenye michango ya wafiwa. Zilirudishwa mwaka 1997, bila riba. Hapo kila nikifika nanyamaza kwanza.

Sasa kwa nini mlima unageuka uji? Chembe za kifusi hushikana kwa sababu zinabanana na kusuguana. Maji yakijaa katikati yake bila pa kutokea, yanazisukuma zisibanane, na mteremko wote unalegea. Sisi manesi tunaelewa haraka: usaha usipopewa njia, utajitafutia. Kwa hiyo tiba yake kubwa ni njia ya maji. Unachimba mtaro upande wa juu ili maji ya mlimani yasiingie kwenye lundo, unayapitisha kwenye kalavati, unapunguza ukali wa mteremko, unaotesha nyasi. Ni kinyume na ngoro zetu za Umatengo. Babu alichimba vishimo ili maji yatulie yazame shambani, huku wanataka yaondoke upesi.

Halafu inabaki kazi isiyo na sifa: kuzibua. Kalavati likizibwa na majani na mawe, mtaro ni pambo tu. Wakaguzi wanatafuta ufa mpya juu, uvimbe chini kwenye kitako, maji kutokea mahali ambapo hayakuwa yakitokea, au chemchemi iliyokauka ghafla, maana hayo maji yamekwenda wapi? Malundo ya daraja D, ambayo hatari yake ni kubwa, hukaguliwa mara mbili kwa mwaka. Mimi naona ni chache, lakini si fani yangu.

Msidhani ni habari za zamani. Februari 2020, baada ya dhoruba, tani zipatazo 60,000 ziliporomoka Tylorstown hadi mtoni, bahati hakuna aliyeumia. Novemba 2024 ikawa Cwmtillery, tope likafika kwenye nyumba na watu wakahamishwa. Sheria ya 1969 ilibana zaidi migodi iliyokuwa ikifanya kazi, na yaliyoachwa yakawa kama mtoto wa kambo. Mwaka 2025 ndipo Wales ikapitisha sheria ya kuunda mamlaka ya kuyasimamia.

Kwenye faili la mzee wangu nimeandika nani atambeba akitakiwa kuhama, na mtungi wa akiba utadumu saa ngapi. Alisoma, akauliza kama paka wake naye yumo. Nikamwongeza.

Na wewe mdogo wangu uliyesema umeonyeshwa kiwanja cha bei poa njia ya Ngaka, chini ya tuta la kifusi: usilipe bado. Nenda siku mvua inanyesha, panda juu, uangalie maji yanaelekea wapi. Kisha nipigie. Jumapili nipo nyumbani.