Ushahidi wa Abiria

Dereva na abiria hupanda chombo kimoja, lakini hawasafiri safari moja. Aliyeshika usukani huitazama njia kwa macho. Aliyeketi karibu na gurudumu la nyuma huipima kwa mifupa. Mwendesha bodaboda mmoja wa Tanga aliambiwa na mama yake, "Mwanangu, chombo chako kinatetema, nyayo zangu zimekufa ganzi." Alimtuliza kwa maneno matamu, kwa kuwa mikono yake haikuhisi kitu.

Kesho yake alimpa rafiki usukani, akaketi nyuma mwenyewe. Hapo alisadiki. Injini ilipovumishwa pikipiki ikiwa imesimama, mtetemo haukuja. Katika mwendo, klachi ilipobanwa, mtetemo ulibaki, ukapungua kadiri mwendo ulivyopungua. Basi injini haikuwa na hatia. Mshitakiwa alikuwa gurudumu. Liliinuliwa, likazungushwa kwa mkono: rimu iliyumba, na spoki kadhaa zilikuwa zimelegea. Kama zingeachwa, zingeweza kukatika na kuwaangusha wote wawili.

Mama hakujua jina la ugonjwa, lakini ndiye aliyeuhisi kwanza. Aongozaye wengine, asipoketi mahali pao, na awasadiki walioketi hapo.