Kwenye Maji Yaliyopanda: Nakuru Hadi Baringo

Tuliondoka Likoni baada ya Swala ya Alfajiri, tukavuka kwa feri. Barabara ya Dongo Kundu ipo sasa, nayo ingetuepusha na foleni, lakini watoto walishikilia kwamba safari isiyoanza na feri si safari. Gari lilikuwa nissan ya kukodi. Tulitoa viti vya nyuma, tukatandika magodoro, tukapakia jiko la gesi, mikeka, madumu ya maji na birika la kutawadhia. Ughaibuni watu wana magari yaliyoundwa makusudi kuwa nyumba, yenye jiko na choo ndani. Letu lilikuwa nyumba kwa nia tu, na lilitutosha.

Njia ya Mombasa hadi Nairobi hatutaisimulia, kila mmoja anaijua. Mvua ilitupokea Limuru. Pale barabara inapoanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, kisha ukapasuka ghafla, tukauona mlima Longonot na nyuma yake Ziwa Naivasha. Mwezi Agosti pwani tuna kusi na manyunyu. Huku bara ni mvua ya alasiri yenye baridi ya kuingia mifupani, kwa kuwa mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Akina mama, msidanganywe na neno ikweta: chukueni masweta.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, si ugenini kwa Muislamu. Katika mtaa wa Bondeni wamekaa Waislamu tangu enzi za mkoloni, na adhana inasikika. Wengi huja hapa kutazama heroe. Sisi tuliwaona wachache mno, na sababu yake ndiyo iliyobadilisha safari yetu yote. Heroe hula mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, inayostawi katika maji ya magadi makali. Ziwa Nakuru limepanda tangu miaka ya 2010, maji yake yamezimuliwa na mvua, chakula kimepungua, na ndege wengi wamehamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na ziwa, ikabidi lijengwe jingine. Migunga iliyokuwa ufukweni imekufa wima, meupe, imesimama ndani ya maji kama milingoti ya majahazi yaliyozama.

Tukaamua kuyafuata maji kaskazini.

Kutoka Nakuru kwenda Ziwa Baringo ni safari ya saa mbili na zaidi. Unavuka mstari wa ikweta karibu na Mogotio, unaiacha baridi nyuma, na ardhi inageuka nyekundu, yenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kibla hapa hakiwi kaskazini moja kwa moja kama Mombasa. Kinaegemea kidogo mashariki. Kwa madhehebu yetu ya Shafii msafiri wa masafa haya anapunguza swala za rakaa nne na ana ruhusa ya kukusanya, nasi tulikusanya Adhuhuri na Alasiri Marigat, huku mvua ikipiga bati.

Watu wa pwani si wageni huku, jambo tunalolisahau. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilipita hapa kutafuta pembe za ndovu. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alifuatana na Mskoti Joseph Thomson hadi Baringo mwaka 1883, na miaka michache baadaye akawa pamoja na Count Teleki na von Höhnel. Vitabu vya Wazungu vimewapa Wazungu sifa ya kuvumbua, ilhali aliyeijua njia alikuwa Jumbe. Na aliyewalisha wote ni watu wa Ilchamus, wakaao kusini mwa ziwa, ambao misafara iliwaita Wanjemps. Walikuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba, wakawauzia wapagazi nafaka baada ya majuma ya njaa njiani. Wazee wetu walikula kwao.

Ndiyo maana tulichokiona Kampi ya Samaki kilituuma. Tulikodi mashua yenye mtambo, tukapita juu ya mahali palipokuwa na nyumba na mashamba. Mapaa na vichwa vya miti vilichomoza. Wavuvi walikatiza kwa vidau vyao vya miti myepesi, ilhali maji haya yana mamba na viboko. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilieleza kwamba kupanda kwa maziwa kumeziathiri kaya zaidi ya 75,000 katika kaunti 13, na ikataja mvua iliyozidi na udongo unaoletwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti. Naivasha nako, mtaani Kihoto, watu wamepata kuhamishwa kwa mashua.

Watoto walitaka habari ya twiga, nayo ni kweli. Twiga tisa walinaswa na maji kwenye Longicharo, iliyokuwa rasi ikawa kisiwa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa mmoja baada ya mwingine, hadi hifadhi ya Ruko, kwa chelezo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu. Wenyeji wa Ilchamus na Wapokot, waliopata kupigana, walishirikiana katika kazi hiyo. Dunia nzima ilitazama picha. Binadamu wa kandokando ya ziwa walihama kwa miguu, na kamera zilikuwa chache.

Nahodha wetu alituonyesha kwa kidole alipozaliwa: maji matupu.

"Mama," alimwuliza bibi yetu, "huko kwenu bahari nayo inapanda?"

"Inapanda mara mbili kwa siku, mwanangu, na mara mbili inashuka."

"Basi yenu ina adabu," akasema, "inarudi."

Nyumba anayokaa sasa ni ya tatu. Tulimlipa, na bibi akamwongezea kitu kwa ajili ya wanawe, akakataa kwanza, kisha akapokea.

Kwa wanaonuia kwenda: tilapia wabichi hupatikana Kampi ya Samaki, na ndicho chakula tulichopika nyuma ya gari siku zote mbili. Msipande chombo kisicho na jaketi za kuokolea kwa kila mtoto, na pandeni asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujaamka. Maji ya kutawadhia chukueni ya madumu. Msiteremke ufukweni jioni kwa sababu ya viboko.